Hodi ya Zuberi

Tangu kifua kikuu kimwingie kooni na kumnyang'anya sauti, Zuberi hakuweza tena kupiga hodi kwao. Alikuwa akigonga mlango kwa pete yake ya shaba, na mama yake akajua ni yeye.

Leo kliniki, daktari alimpitishia mpira mwembamba wenye kamera puani hadi kooni, akatabasamu.

"TB ya koo hatuioni sana, hata kwa vijana wenye VVU kama wewe. Lakini hukuacha dawa, za TB wala za virusi, na vidonda vimefunga. Hebu sema kitu."

Zuberi alikataa kwa kichwa. Neno la kwanza alirudi nalo nyumbani.

Mlangoni aliivua pete, akaitia mfukoni.

"Hodi!"

Sauti ilitoka nene, yenye mikwaruzo.

"Karibu!" mama aliitikia kutoka jikoni. "Ngoja nijitande, mgeni wangu."

Zuberi aliziba mdomo asicheke. Mlango ukafunguka. Mama, khanga kichwani, alimpisha mwanawe aingie kama kawaida, kisha akachungulia nyuma yake, akimtafuta huko njiani mtu aliyepiga hodi.