Mto wa Benchini

Treni ya mwisho iliposimama, Fusae alikuwa bado anakung'uta theluji kwenye mto mwekundu wa benchi. Aliushona mwenyewe enzi mumewe alipokuwa mkuu wa stesheni ile ndogo na kuukalia akingoja treni, na hata baada ya kumzika aliendelea kuutoa nje kila asubuhi, abiria wawepo wasiwepo. Kesho njia ile ya reli ingefungwa.

"Bibi, leo nawe panda," dereva wa treni alimwambia. Alikuwa binti wa fundi baiskeli wa pale mjini. "Miaka yote unatusindikiza tu."

Fusae alisita. Kwake na kwa mumewe, kuondoka kulikuwa kazi ya watu wengine. Kisha akapanda, akaketi dirishani, theluji ya viatuni ikiyeyuka sakafuni.

Kabla ya kuondoa treni, dereva alinyoosha kidole chenye glavu nyeupe, kama ilivyo desturi ya kazi yao, akielekeza kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti: mlango, taa, jukwaa. Kidole kikasita kilipoelekea benchi.

"Bibi, umesahau mto wako."

"Sijausahau."

"Utalowa."

"Acha ulowe, mwanangu. Una mwenyewe."

Binti aliutazama. Katikati ulikuwa umebonyea, kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Akajiweka sawa, akanyoosha kidole upya.

"Ndani, abiria mmoja," alitaja. "Nje, msindikizaji mmoja. Salama."

Treni ikaanza kusogea. Taratibu, Fusae akainua mkono dirishani.