Nyuma ya Mwamba

Mayunga alikuwa amepiga magoti, akipaka chokaa mawe ya makaburi ya Wasukuma waliokufa kilimani hapo wakitetea ng'ombe. Kesho yake kampuni ya mtu binafsi ingeleta watalii wake wa kwanza, wakitokea Serengeti.

Mzee wa Kimasai alipanda taratibu, akasalimia, akauliza, "Wa kwetu walianguka wapi?"

"Nyinyi mlikuja kuiba."

"Ng'ombe walikuwa wetu. Tuliwafuata tu."

Wakacheka wote wawili. Kisha mgeni akasema, "Babu yangu hakurudi. Baba alinituma nimtafute. Sasa baba naye hayupo."

Kila aliyeuliza, Mayunga alimjibu kuwa Wamasai walikimbia wote. Ndivyo wazee wa kijiji walivyotaka isemwe. Lakini bibi yake alikuwa mmoja wa wanawake waliowafukia maadui kwa siri, na alimwapisha asimwambie mtu.

Mgeni aling'oa nyasi, akazishika kama wanavyofanya kwao wanapotaka amani. Alitazama huku na huku, hajui aziweke wapi. Udongo ulidondoka kutoka kwenye mizizi, ukaangukia miguu yake.

Mayunga aliinua ndoo ya chokaa. "Njoo huku nyuma ya mwamba. Wako saba. Wa kwako simjui ni yupi."

Mgeni aligawa nyasi mafungu saba.

Wakaanza kukusanya mawe, kila mmoja akimkataza mwenzake kubeba makubwa. Jua lilipozama, walikuwa wamezungushia kaburi moja tu.

"Utalala kwangu," alisema Mayunga. "Sita yaliyobaki, asubuhi."

"Wazee wenu wakitukuta?"

"Watasaidia kubeba."