Henoko Alitembea

Turubai lilikwisha kufungwa uani, sufuria la chai ya matanga lilikuwa likichemka, na vijana wa kanisa walikuwa wamechimba kaburi kule migombani, kwa kuwa Bibi Damari hakuwa amesema neno tangu juzi na wote walingoja tu akate roho. Ndani, bintiye Yunike aliketi kando ya kitanda, akiwasikia wazee wakibishana chini ya dirisha.

"Hata Henoko wa kwenye Biblia alikufa kama sisi," alisema Shemasi Ezra. "Kusema Mungu alimtwaa ni lugha ya heshima tu."

"Nani kakwambia?"

Yunike aligutuka. Mama yake alikuwa ameketi kitako, macho makavu kama ya hakimu.

"Nipe viatu vyangu vya Pasaka."

"Mama, lala. Ukitaka kutoka nje, tutakubeba."

"Henoko alibebwa na nani? Alitembea."

Yunike alimfunga kamba za viatu. Bibi Damari akashika mkongojo, akatoka. Vikombe vilianguka. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi ya wimbo wa maziko ilibaki midomo wazi.

Alipofika kaburini alichungulia, akamgeukia Shemasi.

"Mmechimba vizuri," alisema, kisha akautupa mkongojo shimoni. "Haya, zikeni huo."

Akalizunguka shimo, akashika njia ya mlimani huku akiimba. Yunike alipiga kigelegele machozi yakimtoka, kwaya ikaupokea wimbo, na wote wakamfuata, Shemasi naye.

Kule juu ukungu ulikuwa bado haujatawanyika. Bibi Damari aliingia ndani yake bila kugeuka, na sauti yake ikazidi kupanda.