Mkwaruzo Mlangoni

Zama hizo kila kitu nchini kilijiponya chenyewe. Kikombe kilichopasuka jioni kiliamka kizima, na ukuta ukiuchora, asubuhi huoni kitu. Ndiyo maana Nakiete alibaki mdomo wazi mbele ya Benzi kuukuu ambayo mumewe alikuwa ameinunua kutoka ng'ambo, ambako vitu bado vilikuwa havijiponyi. Ilikuwa na kutu! Aliigusa taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto mchanga. Na mlangoni, mtoto wa watu wasiowajua alikuwa amechora jua kwa msumari.

"Hilo nalipiga msasa leo, Mama Sifa," mumewe alisema, kopo la rangi inayojiponya mkononi. "Gari litakuwa jipya."

Mtoto wao Sifa alikuwa amefariki mwaka juzi. Mistari ya urefu wake ukutani haikuwahi kudumu hata usiku mmoja.

Nakiete aliokota msumari, akachora mstari juu kidogo ya kitasa cha mlango.

"Unaharibu gari!"

"Ngoja asubuhi, Baba Sifa."

Asubuhi mstari ulikuwa pale pale. Mumewe alipiga magoti, akaupapasa kwa kidole, machozi yakimlengalenga.

"Hapana," alisema polepole. "Sifa alikuwa mrefu kuliko hapa."