Gauni Moja, Majina Mawili

Fundi Ngassa alijitapa mji mzima kwamba programu ya kuweka vipimo na kukata nguo kwa mashine aliyoiandika mwenyewe haiwezi kuwachanganya bibi na mjukuu, hata kompyuta iwe inasinzia. Asubuhi ya harusi, bi harusi Zawena akavaa gauni lake pale kwa fundi. Likamning'inia kama chandarua.

"Umekonda, dada," Ngassa akasema. "Mawazo ya harusi hayo."

"Tangu juzi uliponipima?"

Bibi yake Zawena, mnene wa haja, akaangua kicheko kitini. "We fundi, jana si nilikaa hapa hapa? Nilitaka gauni kama la mjukuu wangu. Ukaandika jina langu, ukasema, 'Bibi, nakala yako hii,' ukaongeza kiuno."

Ngassa akafungua kompyuta, akakagua. Hakuwa amenakili chochote. Mle ndani alikuwa ameliita gauni lile lile kwa jina la pili. Alipopanua la bibi, alipanua na la mjukuu. Na mashine ikakata moja tu.

"Langu liko wapi?" bibi akauliza.

Ngassa akanyoosha kidole kwenye gauni alilovaa Zawena. Bibi akainuka taratibu, akajipenyeza ndani ya gauni hilo hilo pamoja na mjukuu wake, akatoa mkono wake kwenye mkono wa gauni wa kushoto. Likawatosha wote wawili. Nje, tarumbeta za harusi zikaanza kukaribia.