Picha ya Mama

"Luzmila, picha ya ubongo wako imetoka," daktari alisema. "Siku hizi tunaruhusiwa kuwaambia majibu. Unataka kujua?"

Kwetu Angostura, mji wetu wa milimani, ugonjwa huu wa kusahau tunauita uzuzu. Ulimchukua bibi, ukamfuata mama. Miaka yote tuliyojitolea kwa utafiti wa madaktari hawa, hatukuwahi kuambiwa kitu.

Mama alikuwa ameketi kando yangu, amekumbatia arepa, mkate wetu wa mahindi, aliyoifunga kwa leso. "Binti," alininong'oneza, "basi la kurudi linaondoka saa ngapi? Nimeacha watoto peke yao."

"Yangu isubiri," nikamwambia daktari. "Mama naye mlimpiga picha zamani, kabla hajanisahau. Bado mnayo?"

Akaifungua kwenye kompyuta. Ubongo wa mama ukajaa pale, mikunjo mitupu, kama kabichi iliyokatwa katikati. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikakipitisha polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Mimi niko wapi hapa?"

Mama akakitazama kidole changu, akanitazama usoni, kisha akaimega arepa na kunipa nusu.

"Pole, binti," akasema. "Umempoteza nani?"