Kahawa ya Miaka Themanini

Saa nne asubuhi vikombe vyote vilikuwa mezani, vimepanguswa mara mbili, na hakuna mtu aliyekuwa amegonga mlango.

Bi Gunvor alikuwa anatimiza miaka themanini. Katika mji ule mtu akifikisha umri huo hatumi mialiko. Anaoka keki na biskuti za aina saba, anaacha mlango bila kufunga, na watu wanamiminika wenyewe, hata wasiomjua vizuri. Alipotimiza sabini, wengine walinywea kahawa yao kwenye ngazi kwa kukosa pa kukaa.

Leo ilisikika saa ya ukutani tu.

Dirishani aliwaona wanawake wa kiwandani wamezunguka pipa la moto nje ya geti. Kiwanda kile cha samaki wa kopo kilikuwa cha mwanawe, Torsten. Waliomba nyongeza ya mshahara, naye akatia kufuli getini, akawaambia warudi watakapopata akili. Mji mzima ukasimama nao. Mwoka mikate hakumuuzia Torsten mkate, wazoa taka waliyapita mapipa yake bila kuyagusa, na kinyozi alimwambia kiti kimevunjika.

Torsten ni mbishi tangu utotoni. Mkate alijiokea, nywele akaziacha.

Gunvor mwenyewe alipasua samaki mle ndani miaka mingi kabla ya kuolewa na baba yake Torsten. Jumapili iliyopita alivaa koti lake zuri, akaenda kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Alisimama mbele yao akazungumza. Tangu jioni ile hata jirani wa ukuta mmoja hakumsalimia. Iliuma kuliko alivyotarajia.

Asta, mwenyekiti wa chama, alipita chini ya dirisha na kuni kwapani. Walikuwa marafiki tangu usichana. Asta aliinua macho, akayashusha upesi, akaenda zake.

Saa sita Torsten aliingia na maua, akasimama pale pale mlangoni.

"Wageni wako wapi?"

"Kaa, mwanangu. Kahawa inapoa."

"Hakuna hata mmoja? Hata Asta?"

"Onja hizi za lozi."

Alikaa, akachukua moja, akaimega kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye vikombe, na kwenye mikono ya mama yake iliyokuwa ikivisogeza kimoja kimoja bila sababu.

"Ugomvi wao ni na mimi. Wewe wanakukomoa kwa lipi?"

"Wewe unakaa kule mlimani, Torsten. Mimi naishi hapa getini."

"Basi leo hii nakuhamishia kwangu."

"Siendi. Hawa ndio watu wangu. Wengine sina."

Machozi yakamtoka, na hakujaribu kuyaficha. Torsten hakuwahi kumwona akilia tangu walipomzika baba. Akairudisha biskuti kwenye sahani.

"Basi, mama. Basi. Nyongeza yao wataipata."

"Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Alitoka bila hata kuvaa kofia. Gunvor alimtazama akizungumza na Asta, wakapeana mikono, kufuli likafunguliwa. Kisha mwanawe akapanda gari akaondoka peke yake, bila kugeuka nyuma.

Haikupita muda mlango ukagongwa. Asta alikuwa mbele, na nyuma yake wanawake wote wa kiwandani wakinuka moshi, na mwoka mikate, na kinyozi, na jirani wa ukuta mmoja. Asta alimkumbatia, akakaa hivyo kitambo.

"Usituapishe tena kitu kama kile cha Jumapili, eti tusikusalimie wala tusikanyage kwako," alisema. "Nimepita hapo chini na kuni zangu, kidogo nipande ngazi. Ulisema mwanao akikukuta peke yako hatamaliza biskuti ya pili kabla ya kukubali."

Gunvor alikichukua kipande kilichobaki kwenye sahani ya mwanawe.

"Hata ya kwanza hakumaliza," alisema, akakifunga ndani ya leso ili amwekee.